Kadi ya Namsifueli

Kila asubuhi, kabla mashine haijaamshwa, Nakijwa alipita kushika miguu ya wanawake waliojifungua.

Hakufundishwa hivyo kwenye yale mafunzo ya miezi mitatu ya walinzi wa wazazi kule bondeni. Kule walifundishwa kunawa mikono hadi viwikoni, kubadilisha vibanzi vya mashine, na kuijibu inapouliza. Habari ya miguu aliianzisha mwenyewe. Alikwenda kitanda hadi kitanda katika Nyumba ya Arobaini ya Ikongwe, walikokaa wazazi siku arobaini, akaingiza mkono chini ya blanketi, akafunika unyayo kwa kiganja kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Kisha husema, "Umeamka salama, mwanangu," na kupita.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, na vitanda vyenye watu vilikuwa viwili tu. Cha kwanza kilikuwa cha Chausiku, mke wa fundi mabati, aliyekuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue mapacha.

"Mama Mlinzi, mkono wako umetoka kwenye barafu gani?" Chausiku alirusha mguu. "Siku moja utanitekenya nizae wa tatu."

"Zaa tu. Blanketi zipo."

"Blanketi zipo, baba yao ndiye atakayekimbia."

Nakijwa alicheka kidogo, akasogea kitanda cha pili. Hapo alilala Eliwaza, siku ya nne tangu ajifungue mtoto wa kike. Jana alikuwa akiungua kwa homa. Nakijwa aliingiza mkono chini ya blanketi, akaukuta unyayo baridi kama jiwe la mtoni.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, Mama. Nimechoka tu. Hata homa imeniacha." Alisema taratibu, huku akihema upesi upesi kama aliyepanda kilima.

Nakijwa hakuuondoa mkono. Baridi ile aliijua. Aliwahi kuishika miaka sita iliyopita, nyumbani kwake, kwenye kitanda cha kamba.

Alikwenda ukutani akaiamsha mashine. Ilikuwa kasha jeupe, kubwa kiasi cha mfuniko wa cherehani, na wanawake wa Ikongwe waliipa jina la Shangazi. Ilijua mambo ya damu ya kila ukoo, ilisema bila kuulizwa, na neno lake halikupingwa. Nakijwa alimchoma Eliwaza kidoleni, tone likanywewa na kibanzi, kibanzi kikaingia kwenye kasha. Kungoja kulichukua muda wa wimbo mmoja wa kanisani, beti nne. Nakijwa aliimba kimoyomoyo, akakosea ubeti wa tatu.

"Namsifueli binti Yohana," Shangazi alisema kwa sauti yake ya upole. "Kijidudu cha jana kinapungua. Lakini majeshi ya mwili wako yamechachamaa na yanaubomoa mwili wenyewe. Moto, daraja la tatu. Dawa ya kuyatuliza inachanganywa. Itaingia mshipani baada ya dakika hamsini."

Chausiku aligeuza kichwa. "Namsifueli ndiyo nani tena? Si huyu ni Eliwaza?"

"Ni jina lake la ndoa," Nakijwa alisema.

Alilisema upesi kama mtu anayefunika chungu kabla moshi haujaingia. Namsifueli alikuwa binti yake, na alikuwa kaburini.

*

Kule Ikongwe, mke akifa na mume akaoa tena, mke mpya haingii nyumba hivi hivi. Hupelekwa kwanza kwa mama wa marehemu. Mama huyo humkalisha kwenye kigoda cha binti yake, humfunika kanga ya binti yake, humpa jembe lake na kijiko chake cha mti, na humwita mwanangu. Kuanzia siku hiyo mama ana binti tena, na mke mpya ana mama wawili. Ndivyo wazee walivyoziba pengo.

Elinami, mkwewe Nakijwa, alipomleta Eliwaza, Nakijwa alimkalisha kigodani, akampa kanga, akampa jembe na kijiko. Kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa kadi ya damu ya Namsifueli, akaiweka juu ya kanga. Wakati ule hakuona kama anafanya kosa. Aliona kwamba mwenye kigoda ndiye mwenye vyote.

Tena Eliwaza hakuwa na kadi. Wasichana wote wa nchi husomwa damu shuleni wakitimiza miaka kumi na minne, siku ambayo ni wazima. Usomaji huo huitwa damu ya msingi, nao hufanywa mara moja tu maishani, maana unachukua muda na unakula vibanzi vingi. Baadaye mtu akiugua, Shangazi hasomi mwili mzima tena. Anasikiliza tu jeni zipi leo zinapiga kelele na zipi zimenyamaza, halafu analinganisha na damu ya msingi iliyomo kwenye kadi. Ni sawa na jirani anayejua kwamba wewe ni mtu wa maneno mengi. Siku ukinyamaza, atajua unaumwa.

Lakini baba yake Eliwaza, mzee Sefania, alikuwa wa lile kanisa dogo la juu mlimani linaloitwa Wasiohesabiwa. Siku za usomaji waliwaficha mabinti mashambani. Mfalme Daudi, walisema, aliwahesabu watu na tauni ikashuka. Sasa serikali inahesabu hadi chembe za damu, je, kitashuka nini? Mzee Sefania alipokuwa anakata roho, Eliwaza aliapa mbele yake kwamba damu yake haitahesabiwa. Na mwanamke asiyesomwa hakupokelewa kwenye Nyumba ya Arobaini. Sheria ilimtaka ashuke bondeni mimba ikiwa ya miezi saba, asomwe huko. Eliwaza alikataa kushuka. Akaja na kadi ya kigoda chake, na mlinzi aliyempokea mlangoni alikuwa Nakijwa mwenyewe. Shangazi aliuliza, "Huyu ni Namsifueli?" Nakijwa akasema ndiye. Siku ile alisali muda mrefu kuliko kawaida, akimweleza Mungu habari za mila, kana kwamba Mungu ni mgeni Ikongwe.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumweleza hata Mungu kwa maneno. Kifo cha Namsifueli hakukipeleka kwenye daftari la serikali. Kila msichana, siku ya kusomwa, husema kwa sauti kwamba amekubali, na sauti hiyo hukaa ndani ya faili lake. Mara moja kwa mwaka, nyumba ikiwa haina mtu, Nakijwa alikuwa anaichomeka ile kadi, ambayo Eliwaza alimwachia aitunze, na kumwomba Shangazi aisome ridhaa. Ndipo alipomsikia mwanawe. Picha alikuwa nazo mbili, na zilikuwa zimepauka. Sauti ilikuwa hiyo moja tu, na mtu akishaandikwa marehemu, faili hufungwa pamoja na vyote vilivyomo.

*

Elinami alikuja kwenye dirisha la upande wa bustani. Alisimama ubavu ubavu, uso ameuelekeza kwenye migomba, kama anavyosimama mkwe mwenye adabu mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, Mama. Mgonjwa yukoje?"

"Marahaba. Miguu yake ni baridi, Elinami."

"Na Shangazi?"

"Shangazi anasema moto."

Ukungu ulikuwa unadondoka kutoka kwenye majani ya migomba.

"Basi Mama, kama ni moto, si watie maji? Mashine inaona ndani. Wewe unashika nje."

"Inaona ndani ya Namsifueli. Binti yangu alikuwa na damu ya kimya, tangu mtoto. Alipopata surua hata homa haikumpanda. Mashine imezoea kimya kile. Sasa imesikia damu ya mtu mwingine, hata ikinong'ona, yenyewe inasikia kelele."

"Hilo umeambiwa na nani?"

"Nimekaa na mashine hii miaka minne. Nimewasikiliza madaktari wakigombana nayo."

Elinami alichuma jani kavu, akalivunja vipande vidogo. "Ukisema ukweli, Mama, hesabu mwenyewe. Eliwaza atasomwa, na alimwapia baba yake. Namsifueli atafutwa. Na wewe watakuvua kitambaa cha ulinzi. Utakaa na nani kule juu? Na kuku?"

"Nao ni viumbe vya Mungu."

"Sikufanyii mzaha, Mama."

"Najua." Nakijwa aliushika mwimo wa dirisha. "Siku ile ya mwenzako wa kwanza, wewe ulikwenda kutafuta machela. Mimi nilibaki nimemshika miguu. Homa ilikuwa imemtoka, nikawaambia majirani anapona. Nikawapikia hadi chai. Tulikunywa chai, Elinami, na yeye anakwenda."

Kwa mara ya kwanza tangu aoe katika nyumba ile, Elinami aligeuka akamtazama mama mkwe wake usoni. Kisha akainamisha kichwa.

Kwenye kasha namba zilikuwa zimeshuka hadi dakika thelathini na nne.

*

Nakijwa alijaribu kwanza njia ya katikati. Alibonyeza kitufe cha kuita bondeni, na Daktari Kipingu akatokea kwenye kioo, mwanamke mwenye miwani, kikombe mkononi.

"Mama Nakijwa, za huko mawinguni?"

"Njema, Daktari. Huyu wa kitanda cha pili miguu yake ni ya baridi sana. Naomba dawa ya kutuliza isimame."

Daktari alisoma kidogo upande wa pembeni. "Nakuheshimu na miguu yako, mama yangu, umewahi kutuokolea watu. Lakini kwa damu ya msingi ya huyu, hapa hapana shaka. Majeshi yake yako juu mara tano ya kawaida yake. Nikiisimamisha dawa bila sababu, nikimpoteza nitasema nini?"

"Na kama majeshi yamelala, halafu tukampa ya kutuliza?"

"Hapo tutakuwa tumempa mlinzi aliyesinzia dawa ya usingizi. Lakini hajalala. Unayo sababu nyingine?"

Nakijwa alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi.

"Ngoja nikuite tena," alisema, akazima.

Alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, ngumi moja juu. Midomo ya Eliwaza ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Mwanangu, nisikilize. Nataka kuwaambia wewe si Namsifueli."

Macho yalifunguka nusu. "Usinihesabu, Mama. Nilimshika baba mkono."

"Najua."

"Daudi alihesabu..."

"Daudi alihesabu ajisifu. Alitaka kujua ana askari wangapi." Nakijwa aliisogeza midomo yake karibu na sikio la yule binti. "Lakini yule mchungaji aliyekuwa na kondoo mia, alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alikuwa akihesabu, mwanangu. Kila jioni alisimama mlangoni akawahesabu, ndiyo maana akajua wa kumfuata. Asiyehesabiwa, siku akipotea, nani atamtafuta?"

Eliwaza alihema. Chausiku, kule kitandani kwake, aliacha kuimba bembelezo.

"Na wewe, Mama?" Eliwaza alisema mwishowe. "Sauti yake je? Mimi nilikuona siku moja. Nilikuwa nimekuletea maziwa, nikakukuta umeegemea kasha. Nikarudi nayo."

Nakijwa hakujua hilo. Aliinama akapanga ncha ya shuka ambayo haikuhitaji kupangwa.

"Sauti haili, hainywi," alisema. "Wewe una mtoto wa kunyonyesha. Nikubalie."

"Niombee kwa baba."

"Nitaomba. Umekubali?"

Kichwa kiliinama, mara moja.

*

Daktari Kipingu alisikiliza habari yote bila kumkatiza, na kikombe chake kikapoa. Nakijwa alipomaliza, daktari alivua miwani.

"Mama Nakijwa. Unajua mlinzi aliyeficha kifo hupewa nini?"

"Najua. Naomba tuanze na huyu, mimi nitakuwepo tu."

Daktari aliguna, vidole vikakimbia kwenye vitufe. "Dawa ya kutuliza nimeisimamisha. Tutamsoma upya mwili mzima, itachukua zaidi ya saa mbili. Lakini kasha haliwezi kumfungulia faili wakati kadi ya mwingine iko ndani, nayo haitoki mgonjwa akiwa kitandani. Lazima ile ifungwe kwanza, na anayefunga ni jamaa. Fanya upesi, mama."

Shangazi alikuwa ameshaanza. "Faili la Namsifueli binti Yohana. Jamaa aliye hai asikilize sauti, kisha aseme kama ndiye."

Kukawa na mkwaruzo, halafu ikaja sauti ya darasa lenye watoto wengi, na karibu kabisa, kama mtu aliyeegemea begani, sauti ya msichana:

"Mimi, Namsifueli binti Yohana, nakubali damu yangu isomwe." Halafu kicheko kilichobanwa puani, na kwa mtu mwingine wa pembeni: "Acha bwana, unanichekesha!"

Nani alimchekesha, Nakijwa hakuwahi kumjua. Miaka yote alidhani siku moja atauliza.

"Je, ndiye?"

"Ndiye."

"Yu hai?"

Alimtazama Eliwaza, na kile kifua kilichopanda na kushuka upesi upesi.

"Hayupo," alisema. "Alikufa miaka sita iliyopita, mwezi wa nne, yeye na mtoto wake. Mimi ni mama yake. Nilikuwa nimemshika miguu."

"Pole. Faili limefungwa."

"Rudia mara moja tu. Ile sauti."

"Hakuna faili kwa jina hilo," Shangazi alisema kwa upole ule ule.

Kadi ilitoka kwenye tundu lake. Nakijwa aliitia kifuani, akakichukua kidole cha Eliwaza, akachoma. Eliwaza alisema ridhaa yake kwa pumzi vipande vipande, jina lake na la baba yake, na mwishoni akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye maandishi: "Nihesabiwe."

Zilipita saa mbili na robo. Nakijwa aliimba nyimbo zote alizozijua, safari hii kwa sauti, na Chausiku Mwislamu akawa anaitikia viitikio. Elinami alibaki pale dirishani, paji la uso limeegemea ukuta.

"Eliwaza binti Sefania," Shangazi alisema. "Majeshi ya mwili wako yamelala. Baridi, daraja la nne. Dawa ya kuyaamsha inachanganywa."

Kwenye kioo Daktari Kipingu alifunika mdomo kwa mkono. "Ile ya kwanza ingemmaliza kabla ya saa sita mchana," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Mama, mlinzi mwingine ameshapanda gari. Utamkabidhi kitambaa."

*

Mlinzi mpya alikuwa msichana mwenye haraka na salamu nzuri. Alikipokea kitambaa cha kijani kwa mikono miwili, akakikunja, akaona aibu kukitia mfukoni.

Nakijwa aliomba kubaki kando ya kitanda. Shangazi aliuliza, kama anavyowauliza wageni wote: "Una undugu gani na mgonjwa?" Nakijwa alitoa kidole, tone likanywewa.

"Hakuna undugu wa damu uliosomwa."

"Nilimkalisha kigodani," Nakijwa aliliambia kasha.

Shangazi alirudia jibu lile lile. Msichana alimtazama kwa huruma, akamfungulia mlango.

Alikaa kwenye benchi la barazani mpaka ukungu ukapanda na jua la alasiri likaonekana kidogo. Hatimaye kichwa cha Chausiku kilichomoza dirishani, pacha mmoja begani.

"Mama Mlinzi! Anatetemeka mpaka vitanda vyote vinalia. Majeshi yameamka, homa imempanda, anataka uji, na amemwambia Shangazi anyamaze."

"Miguu?"

"Nimeishika. Huyu msichana mgeni ananitazama kama mwendawazimu, lakini nimeishika yote miwili." Chausiku alipangusa jicho kwa bega. "Ya moto, Mama. Kama chapati."

Nakijwa alisema, "Bwana asifiwe," akainuka kwa kushikilia nguzo. Elinami alitaka kumsindikiza. Alimkatalia, akamwambia mahali pake ni pale, akapandisha njia ya nyumbani peke yake.

Kesho yake aliamka saa ile ile aliyozoea. Alivaa, akanawa mikono hadi viwikoni, akafika mlangoni ndipo akakumbuka. Nje kuku walikuwa wanakwaruza. Kigoda hakikuwepo, kilikwenda kwa Elinami siku nyingi, na juu ya sanduku kadi ilikuwa imelala kama kipande chochote cha plastiki.

Alirudi akaketi ukingoni mwa kitanda, akapandisha mguu juu ya goti, akafunika unyayo wake kwa kiganja. Ulikuwa baridi kidogo, baridi ya kizee.

"Umeamka salama, mwanangu," alisema.

Alingoja kidogo, kwa mazoea, muda ambao mtu huchukua kujibu. Kisha akaenda kuwasha moto.